Poda Iliyovunjika: Namna ya Kuiponda, Kuilowesha na Kuishindilia Upya Nyumbani

Poda ya kompakti, yaani ile iliyoshindiliwa ndani ya kasha dogo, ikianguka, mara nyingi kinachoharibika ni umbo lake tu. Rangi ipo, na unga uliobaki ndani ya kasha utakaa usoni vilevile kama ulivyokaa jana. Kwa hiyo kabla hujaitupa, au hujaanza kuichovya na brashi huku nusu yake ikimwagikia nguo, ishindilie upya. Kazi ya mikono haifiki saa moja. Kinachokula muda ni kukauka.

Wengi wanaojaribu wakashindwa huilaumu spiriti, ile inayotumika kuulowesha unga, au huilaumu poda yenyewe. Mimi hulaumu mambo mawili: kuponda kivivu na kulowesha kupita kiasi. Spiriti si gundi. Inaingia kulainisha unga ili chembe ziteleze na kujipanga karibu karibu, kisha inaruka hewani na kuondoka zake. Kinachobaki kuishika poda ni mgandamizo wa mkono wako, pamoja na mafuta kidogo yaliyokuwamo tangu kiwandani.

Ndani ya kibati kuna nini

Sehemu kubwa ya poda ya uso ni talki, maika, kaolini au silika, yaani madini yaliyosagwa yakawa laini sana. Rangi za ngozi hutokana na oksidi za chuma, nyekundu, njano na nyeusi, ambazo huchanganywa kwa vipimo tofauti, na titani dioksidi huongezwa kwa weupe na kwa kuziba madoa. Halafu kuna vishikizi: mafuta mepesi, silikoni kama dimethikoni, na unga wa magnesi stearati au zinki stearati. Vishikizi hivi ni asilimia chache tu ya mchanganyiko wote. Vikizidi, poda inakuwa ngumu na brashi hairudi na kitu. Vikipungua, inabomoka kwa kuguswa. Mchanganyiko ukishakuwa tayari, mashine huushindilia ndani ya kibati kidogo cha alumini au cha bati, na kibati hubandikwa kwa gundi ndani ya kasha.

Poda zenye kumetameta ndizo zinazovunjika kirahisi zaidi. Mng'ao wake hutokana na vibamba vidogo vya maika vilivyopakwa titani dioksidi au oksidi ya chuma, na vibamba vikubwa havishikani vizuri kama unga laini. Isitoshe, watengenezaji huzishindilia kwa wepesi makusudi, ili zitoke kwa wingi kwenye kidole. Ndiyo maana rangi ya kope inayong'aa sana hupasuka wakati jirani yake isiyong'aa, kwenye paleti ileile, imebaki salama.

Amua kwanza kama inafaa kutengenezwa

Kasha likianguka, usilifungue ukiwa umesimama. Liweke mezani juu ya karatasi safi nyeupe, lifungue polepole, na kitu cha kwanza kukagua kiwe kioo. Kioo kikiwa kimepasuka na vipande vimeingia kwenye poda, tupa poda yote. Usijaribu kuchekecha wala kuchambua kwa macho: vumbi la kioo halionekani, na utakuja kulipaka karibu na jicho. Hili sina mjadala nalo, hata poda iwe mpya na ya bei gani.

Kioo kikiwa kizima, angalia umri. Nyuma ya kasha au kwenye boksi lake kuna mchoro wa kopo lililofunguliwa lenye maandishi kama 12M au 24M. Hiyo ni idadi ya miezi ambayo bidhaa inafaa kutumiwa tangu siku ulipoifungua. Iliyopitwa na muda mrefu, iliyoanza kunuka mafuta yaliyochacha, au yenye madoa yasiyokuwapo zamani, haistahili juhudi zako. Vilevile kama ulikuwa unaitumia ukiwa na ugonjwa wa macho au vidonda usoni, iache iende. Spiriti hupunguza vijidudu juu juu, lakini kutengeneza poda si kuitakasa.

Baadhi ya poda zinatengenezeka lakini hazirudi zilivyokuwa. Zile zenye michoro, mistari ya rangi nyingi au vipande vya rangi vilivyopangwa kama sakafu ya marumaru, ukiziponda zote zinakuwa rangi moja. Huenda ikawa nzuri, ila haitakuwa ile uliyoinunua. Zile zenye mgongo wa duara zilizookwa kiwandani badala ya kushindiliwa huundwa kwa rojo linalokaushwa kwa joto, na kuba lake hutalirudisha kwa mkono. Unaweza kuisawazisha ndani ya kibati, au kuigeuza poda ya kumwagika, yaani unga usioshindiliwa. Nayo poda inayodai kukinga jua, baada ya kuitengeneza ichukulie kama poda ya rangi tu na upake kinga ya jua nyingine. Kiwango kilichoandikwa kwenye kasha kilipimwa kwenye bidhaa jinsi ilivyotoka kiwandani, na wewe umeshaivuruga.

Bidhaa za krimu hazimo kabisa humu. Spiriti huzitenganisha na kuziacha na mabonge.

Spiriti ipi

Unayotaka ni alkoholi ya isopropili, au ethanoli, isiyo na kitu kingine isipokuwa maji. Chupa nyingi za kusafishia ngozi ni za asilimia 70. Zile za asilimia 90 na kuendelea ni bora zaidi kwa kazi hii kwa sababu zina maji kidogo na hukauka haraka. Asilimia 70 inafaa, mradi uipe poda muda mrefu zaidi ya kukauka na uitumie kwa uchache.

Soma kibandiko neno kwa neno. Baadhi ya spiriti za dukani za kupaka mwilini huongezwa mafuta ya mbarika au vitu vya harufu, na hivyo haviruki pamoja na alkoholi. Vinabaki kwenye poda. Spiriti ya kuwashia majiko au kuyeyushia rangi za mbao usiiguse. Hiyo hutiwa vitu makusudi ili isinyweke, mara nyingi pamoja na methanoli, ambayo ni sumu na hupenya ngozi. Sanitaiza ya jeli ina vitu vya kuifanya nzito, na poda hugeuka kama mpira. Manukato yana harufu inayowasha macho. Dawa ya kutolea rangi ya kucha yenye asetoni inaweza kuyeyusha kasha lenyewe.

Na maji matupu je? Watu hujaribu, na mara nyingine umbo hurudi. Lakini chembe nyingi za poda za kisasa hupakwa silikoni ili zikatae jasho, kwa hiyo maji huzikimbia na kubaki yameelea juu. Yakiingia, hukauka polepole, hutia kutu kibati cha bati, na hutengeneza mazingira ambayo ukungu unayapenda. Kihifadhi kilichomo kwenye poda kiliwekwa kwa bidhaa kavu. Mimi ningechagua kuishindilia kavu kabla ya kuitia maji; njia hiyo nimeieleza mbele.

Tahadhari moja ya maana: mvuke wa alkoholi huwaka hata kwenye joto la kawaida la chumba. Fanya kazi dirisha likiwa wazi, mbali na jiko, mshumaa, sigara na kitu chochote chenye cheche.

Vitu vya kuandaa

Huhitaji vingi. Kijiti cha kuchokolea meno au kisu kidogo butu. Kijiko kidogo cha chuma chenye mgongo laini. Bomba la sindano lisilo na sindano, au kichupa cha kudondoshea matone. Kitambaa cha pamba kisichotoa nyuzi, kikatwe vipande vitatu au vinne. Plastiki nyembamba ya kufunikia vyakula. Tepu ya karatasi. Vijiti vya pamba. Na kitu bapa cha kushindilia kinachokaribia ukubwa wa kibati bila kukizidi. Kwa rangi ya kope ya duara, sarafu safi hutosha. Kwa poda ya uso, tafuta kifuniko kidogo kilicho bapa au kipande cha mbao. Vaa barakoa wakati wa kuponda. Talki na maika si vitu vya kuvuta kifuani, na unga laini hupaa zaidi ya unavyodhani.

Kutoa kibati, au kulinda kasha

Kama kibati kinatoka kwa urahisi, kitoe. Makasha mengi yana kitundu kidogo upande wa chini; ingiza kibanio cha karatasi kilichonyooshwa usukume taratibu. Faida yake ni mbili. Utashindilia juu ya meza ngumu badala ya plastiki inayobonyea, na spiriti haitagusa kasha. Alkoholi inaweza kufanya plastiki ngumu zinazong'aa zipate nyufa nyembamba kama nywele, hasa pale pembeni ambapo plastiki tayari imekazwa. Kibati kisipotoka, usilazimishe. Kukikunja ni kuipasua poda tena baadaye. Bandika tepu ya karatasi kuzunguka ukingo wote, funika kioo na bawaba, uendelee.

Kabla ya kuponda, gusa uso wa zamani wa poda kwa kipande cha selotepu na ukibandue. Mafuta ya ngozi yanayobebwa na brashi hutengeneza utando mgumu, wenye kung'aa, juu ya poda iliyotumika sana. Utando huo ukisagwa ndani, utazaa vijiwe vidogo ambavyo havipondeki. Uondoe sasa.

Kuponda

Hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika, kwa hiyo usiharakishe.

Rudisha ndani ya kibati vipande vyote na unga uliomwagikia ile karatasi safi. Uliomwagika sakafuni au ndani ya mkoba usirudishe. Vunja mabonge kwa kijiti, ukianzia kwenye kingo na pembe, kwa maana vipande vilivyoshikilia kwenye pembe ndivyo husahaulika. Ndiyo, hata vile ambavyo bado ni vizima vivunje. Inauma kidogo kuvunja nusu iliyosalimika, lakini ukiiacha, sehemu mpya na ya zamani zitakuwa na ugumu tofauti na zitaachana pale pale zinapokutana.

Kisha funika kwa plastiki na usage kwa mgongo wa kijiko juu ya plastiki hiyo, ili unga usipae. Inua plastiki, chokoa kwa kijiti ukitafuta vijiwe, sage tena. Endelea mpaka ncha ya kijiti ipite kila mahali bila kukwama. Bonge dogo kama chembe ya mchanga linatosha kuleta shida: spiriti huchelewa kulifikia katikati, hukauka kwa mwendo wake, na ufa huanzia hapo.

Poda zenye kumetameta zina sheria tofauti. Vile vibamba vya maika ukivisaga sana vinavunjika na mng'ao unafifia. Hizo vunja mabonge tu kwa kijiti, na ukiona yameisha, acha. Usizisage kwa kijiko.

Kulowesha

Dondosha, usimimine. Kwa kibati kidogo cha rangi ya kope anza na matone matano hivi, ukiyatawanya. Kwa poda ya uso anza na ishirini. Matone ya alkoholi ni madogo kuliko ya maji, kwa hiyo idadi isikutishe. Subiri sekunde chache uone yanavyozama, kisha koroga taratibu kwa kijiti. Ongeza machache machache mpaka unga wote uwe umelowa kwa usawa na unashikana kama udongo wa mfinyanzi: unaubonyeza unabaki na alama, lakini hautiririki ukiinamisha kibati.

Ukipitiliza ukapata rojo la majimaji, usishtuke wala usianze kunyonya kwa tishu, kwa sababu tishu itaondoka na rangi. Acha wazi ikae mpaka izame na kukaza, ndipo uendelee. Kasoro ya rojo ni kwamba chembe nzito hutuama na nyepesi hupanda juu, kwa hiyo ikiwa imekaa muda mrefu ikoroge tena kidogo kabla ya kusawazisha.

Rangi itaonekana nzito na yenye giza kuliko ulivyoizoea. Ni unyevu tu, ikikauka itarudi. Usiongeze poda nyingine ya rangi nyepesi kujaribu kuisahihisha.

Sawazisha uso kwa mgongo wa kijiko ukisukuma kutoka katikati kwenda kingoni, ili pembe zijae. Ukiacha pembe tupu, brashi itaanza kubomoa kutoka huko.

Kushindilia

Usishindilie mara moja. Acha kibati wazi kwa dakika 10 hadi 20, mpaka ule mng'ao wa unyevu upotee na uso uonekane mkavu kidogo ingawa ndani bado kuna ubichi. Ukishindilia mapema, poda hupanda pembeni na kujibandika kwenye kitambaa. Ukichelewa sana, inapasuka badala ya kushikana.

Weka kipande cha kitambaa kikavu juu ya poda, kikiwa kimenyooka bila mikunjo. Weka sarafu au kipande chako bapa juu yake. Shindilio la kwanza liwe jepesi, kwa kidole tu. Inua kwa kunyoosha kwenda juu, usiteleze. Kitambaa kitakuwa na doa la unyevu lenye rangi kidogo, na hilo ni jambo jema: kinanyonya spiriti iliyozidi. Badilisha kipande, shindilia tena kwa nguvu zaidi. Mara ya tatu, egemea kwa uzito wa mkono, shikilia kwa sekunde 20 hadi 30, huku ukihamisha uzito polepole kuzunguka kingo zote. Kitambaa kikiinuka karibu bila rangi, simama.

Je, nguvu ziwe nyingi kiasi gani? Kwa poda za kawaida zisizong'aa, egemea bila woga. Kwa zile za kumetameta, nusu ya nguvu hizo. Nazo zile zilizokuwa ngumu na bahili tangu zikiwa mpya, zishindilie kidogo kuliko kiwanda kilivyofanya, na huenda ukazipenda zaidi sasa. Nimeona rangi za mashavu zikitoka vizuri baada ya kutengenezwa kuliko zilipokuwa dukani.

Nyuzi za kitambaa zitaacha alama za msokoto juu ya poda. Zinapendeza. Asiyezipenda ataweka plastiki badala ya kitambaa kwenye shindilio la mwisho, ingawa plastiki hung'ang'ania, kwa hiyo ibandue polepole kuanzia ukingoni.

Safisha kingo kwa kijiti cha pamba kilichonyunyiziwa spiriti kidogo, ondoa tepu, kisha ondoka.

Kukauka

Rangi ya kope iache wazi kwa saa 24. Poda ya uso yenye kina iache saa 48, na kama ulitumia spiriti ya asilimia 70 usipunguze hata kidogo. Iweke mahali penye hewa, pasipo vumbi wala jua kali; juu yake unaweza kuegemeza karatasi bila kuibana. Usilete draya ya nywele. Mbali na hatari ya mvuke unaowaka karibu na waya wa moto, upepo wake hukausha juu kabla ya chini, na ukoko huo wa juu hujikunja na kupasuka. Maikrowevu nayo haifai kabisa, kwa sababu kibati ni chuma.

Utajuaje imekauka? Pua itakuambia kabla ya kidole. Harufu ya spiriti ikiisha kabisa, na kibati kisipokuwa baridi kwa kuguswa chini, iko tayari. Usifunge kasha kabla ya hapo, maana mvuke uliofungiwa hutia ukungu kwenye kioo na kulegeza gundi. Kama ulitoa kibati, sasa kirudishe kwa tone la gundi au kwa tepu yenye gundi pande mbili.

Bila spiriti: kushindilia kavu

Kuna wasiotaka alkoholi karibu na ngozi yao, na kuna poda ambazo alkoholi huzibadilisha umbile. Kwao, ponda vilevile, sawazisha, funika kwa plastiki, na ushindilie kwa nguvu zako zote mara nyingi, ukizungusha kibati robo kwa robo. Poda yenye vishikizi vya kutosha itashikana kwa namna ya kuridhisha. Yenye vishikizi vichache itasimama mpaka siku utakapoitia kwenye mkoba.

Njia hii pia ndiyo ninayoipendekeza pale ambapo kuna ufa mmoja au kona moja tu iliyomeguka. Bonyeza kipande mahali pake kwa kidole kilichofunikwa plastiki, tia matone mawili matatu ya spiriti juu ya ufa kama huna shida na spiriti, bonyeza tena kwa kitambaa. Kuivunja kompakti nzima kwa ajili ya kona moja ni kujitafutia kazi.

Paleti yenye rangi nyingi

Adui hapa ni uchafuzi. Kabla ya kufanya lolote, inamisha paleti juu ya karatasi na uigonge kidogo nyuma ili unga uliotapakaa utoke. Brashi laini, kavu na safi itaondoa uliobaki, ukifagia kutoka rangi nyepesi kwenda nzito, kamwe si kinyume. Funika kwa tepu ya karatasi vibati vyote visivyohusika, ukibandika kwenye kingo za plastiki na si kwenye poda yenyewe. Kama zilizovunjika ni mbili au zaidi, tengeneza ile nyepesi kwanza, iache ikauke, ndipo ugeukie nyeusi au ya zambarau. Badilisha kijiti, kitambaa na sarafu kwa kila rangi. Tone moja la nyeusi kwenye rangi ya pichi halitoki.

Ikiwa haikukubali

Ikikauka na nyufa kama ardhi ya kiangazi, ulilowesha kupita kiasi au ulishindilia mapema. Ponda upya na urudie kwa matone machache. Poda huvumilia kurudiwa mara mbili tatu bila malalamiko.

Ikiwa ngumu, inang'aa, na brashi inateleza juu yake bila kuchukua kitu, ama ulishindilia mno, ama spiriti ilipandisha mafuta yaliyomo hadi juu. Kwangua tabaka la juu kwa selotepu au kwa brashi ngumu safi. Mara nyingi chini yake poda ni nzuri. Ikiwa ni ngumu mpaka chini, iponde na safari hii ishindilie kwa wepesi.

Ikibomoka kila ukiigusa, mabonge yalibaki au vishikizi ni vichache. Isage tena, na kabla ya kutia spiriti ongeza chembe ya mafuta mepesi ya vipodozi, kama ya jojoba au skwaleni: chovya ncha ya kijiti, gusisha kwenye unga, koroga sana. Tone zima kwa kibati kidogo cha rangi ya kope ni jingi mno, litakuletea madoa na utando mgumu. Glisirini hutumika pia, lakini huvuta unyevu wa hewani, hivyo ningeitumia kama chaguo la mwisho.

Ikitoka ikiwa imejitenga katikati na pembe zimeachana na kibati, huko ni kunywea kwa kawaida kwa poda iliyoloweshwa sana. Usiijazie unga mkavu kwenye mwanya, utatoka. Ibonyeze na uirudie.

Ukiamua kutoishindilia

Poda ya uso na rangi ya mashavu huishi vizuri zikiwa unga. Zisage kabisa, zitie kwenye kopo dogo lenye chujio la matundu, basi. Rangi nzito za kope zikiwa unga ni vita na mashavu yako, ingawa zile za kumetameta hukaa vizuri zikipakwa kwa kidole au brashi yenye unyevunyevu.

Kuna ushauri unaozunguka wa kuchanganya rangi iliyovunjika na mafuta ya midomo ili kupata lipstiki. Si kila rangi inafaa mdomoni. Nchini Marekani, kwa mfano, bluu ya ultramarini, kijani cha oksidi ya kromi na bluu ya feri ferosianidi haziruhusiwi kwenye bidhaa za midomo ingawa zinaruhusiwa kwenye rangi za kope. Vivyo hivyo, rangi iliyotengenezwa kwa ajili ya mashavu haimaanishi inafaa karibu na jicho. Kila rangi itumie kwa kazi yake ileile.

Kuibeba

Poda iliyoshindiliwa kwa mkono haitafikia uimara wa ile ya mashine. Ikiwezekana iache mezani nyumbani na ubebe nyingine. Ikibidi isafiri, weka pedi ya pamba au sponji yake kati ya poda na kioo, nene kiasi cha kubonyeza kidogo kasha likifungwa, ili mtikisiko usiwe na nafasi ya kuirusha. Ilaze bapa katikati ya nguo, si kwenye mfuko wa pembeni wa begi unaogongwa kila unapoliweka chini, na usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani, kwa sababu joto hulegeza gundi ya kibati, na kibati kinachocheza ndani ya kasha huipasua poda hata bila kuanguka.